Rafiki yangu wa gemu amefariki Ukerewe, nyumbani wananiuliza nimemjulia wapi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi na mama yangu Mabatini hapa Mwanza, na ni fundi simu pale Makoroboi. Sijaoa. Nakuandikia kwa sababu nyumbani hatuelewani, na kila mtu mzima ninayejaribu kumweleza jambo hili anatabasamu kabla sijafika katikati.

Nacheza PUBG Mobile. Kwa asiyeijua, watu mia mnashushwa kwa parashuti kwenye kisiwa, mnasaka silaha, mnapigana, na eneo la kukaa linazidi kufinywa mpaka ibaki timu moja. Timu ni watu wanne. Ukipigwa hufi papo hapo. Unaanguka, unatambaa, na mwenzako akiwahi kuja kukuinua mnaendelea. Muda wote mnasikilizana kwa sauti kama mko chumba kimoja.

Sisi wanne tulikutanishwa na gemu lenyewe wakati wa korona, hakuna aliyemjua mwenzake. Mimi Mwanza, mmoja Kigoma, mmoja Kisumu kwa majirani zetu Kenya, na wa nne Nansio, Ukerewe. Huyo wa Nansio alijiita Nahodha, nasi tukamwita hivyo hivyo. Tulikuwa tunaingia saa nne usiku, nikishatoka kibandani na kula. Na hatukuwa tunaongea gemu tu. Wa Kisumu alipoachwa na mchumba wake hatukucheza usiku ule, tulikaa lobi, pale pa kusubiria mechi, mpaka usiku wa manane na hakuna aliyebonyeza kuanza. Mimi nilipoibiwa simu za wateja, Nahodha ndiye aliyenishauri niwapigie mmoja mmoja kabla hawajasikia kwa watu, akabaki hewani nami nikipanga maneno ya kuwaambia. Kaka yangu wa damu aliniambia nimezembea.

Kwenye gemu Nahodha hakuwa mtu wa kukimbilia mbele. Anapanda juu ya paa au anajibanza nyuma ya mwamba, anatuambia adui yuko wapi, mimi akiniita Jiwe: "Jiwe, kushoto kwako, mti wa pili, amelala." Lakini ukianguka yeye ndiye wa kwanza kufika, hata risasi ziwe zinanyesha. Mara nyingine alikuwa anapotea siku kadhaa. Akirudi anasema mtandao wa kisiwani ulikata, nasi tunamtania.

Mwezi uliopita alipotea tena. Siku akaunti yake ilipowaka tulimpokea kwa kelele, lakini sauti iliyojibu haikuwa yake. Ilisema: "Mimi kaka yake. Mwenye simu alifariki Jumanne, tumeshamzika. Naona mnamwita kila siku, nikaona si vizuri mkae bila kujua." Ndipo tulipojua kwamba alikuwa na sikoseli tangu mtoto, na siku zile za kupotea alikuwa amelazwa. Jina lake halisi pia tulilijua siku hiyo.

Shangazi, nililia. Kesho yake sikwenda kazini. Mama akauliza nani amekufa, nikasema rafiki yangu. Rafiki gani? Wa Ukerewe. Umemjulia wapi? Hapo ugomvi ukaanza.

Arobaini yake ni mwisho wa mwezi huu na nataka kwenda. Kaka yake ametupa namba. Tumekubaliana tuchange, na wa Kigoma yuko tayari kuja Mwanza tusafiri pamoja. Mama hataki. Anaogopa maji, tangu MV Nyerere ilipozama Ukara mwaka 2018 hapandi hata kivuko cha Kamanga. Lakini kilichoniuma ni hiki alichosema: "Baba wa nyumba ya pili alipofariki ulikwenda ukakaa kidogo, ukarudi ndani kwenye simu yako. Leo unavuka ziwa kwa mtu usiyeijua hata sura yake." Kaka yangu anasema huu ni ugonjwa na hata Shirika la Afya Duniani limesema hivyo. Tena anasema huenda ni matapeli wanatafuta rambirambi.

Nina haki ya kwenda kwenye msiba wa mtu ambaye sijawahi kumwona? Nikifika niseme mimi ni nani? Ninazo video za mechi zetu nilizorekodi, sauti yake inasikika akicheka, je, nizipeleke? Na ni kweli naumwa? Wa Kisumu ameshaleta mtu wa kujaza nafasi ya nne, nami sijamjibu.

Jiwe, Mabatini

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba.

Nimeanza na pole kwa sababu nimesoma barua yako mara mbili na sijaona mahali mtu yeyote alipokupa. Umeulizwa umemjulia wapi, umeitwa mgonjwa, umeambiwa unatapeliwa. Umefiwa, na kwetu mfiwa hupokewa kwa pole, hayo mengine yanafuata. Wenzako wawili wa Kigoma na Kisumu nao wamefiwa, wafikishie pole zangu.

Nenda Ukerewe. Hilo nalisema mapema ili usilitafute chini, maana yote nitakayoandika hapa ni ya jinsi ya kwenda na jinsi ya kuzungumza na mama yako kabla hujaondoka.

Mwaka 2014 huko Norway alifariki kijana wa miaka 25 aitwaye Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ule wa Duchenne, na miaka yake ya mwisho aliishi kwenye kiti cha magurudumu, akiweza kusogeza vidole tu. Muda mwingi alikuwa kwenye kompyuta akicheza World of Warcraft, gemu ambalo maelfu ya watu wanaishi ndani ya ulimwengu mmoja wa kubuni. Wazazi wake walimhudumia kwa mapenzi yote, na kilichowauma kuliko ugonjwa ni kuamini kwamba mtoto wao anaondoka duniani bila kuonja urafiki wala kuwa wa maana kwa mtu mwingine. Alipofariki, baba yake aliingia kwenye blogu ya mwanawe, akaandika taarifa ya kifo na kuacha anwani ya barua pepe. Hakutegemea kitu. Barua zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, ndefu, za watu wa nchi mbalimbali, wakieleza jinsi kijana wao alivyowasikiliza, alivyowapatanisha, alivyowashika mkono siku zao mbaya. Alikuwa na kundi lake humo, likiitwa Starlight, na humo alijulikana kwa jina la Ibelin. Baadhi yao walipanda ndege kwenda Oslo kumzika mtu ambaye hawakuwahi kukaa naye chumba kimoja.

Nakueleza haya kwa ajili ya wale wazazi. Wageni wale ndio waliowaletea sehemu ya mtoto wao ambayo nyumbani haikuonekana. Huko Nansio kuna mama ambaye miaka mingi alisikia mwanawe akiongea peke yake usiku, akicheka, akisema "kushoto kwako, mti wa pili". Huenda amekuwa akijiuliza alikuwa anaongea na nani. Ninyi watatu ndio mnaoweza kumjibu.

Mats naye aliwaficha wenzake ugonjwa wake kwa muda mrefu, kama Nahodha alivyowaficha ninyi. Naomba usimwekee kinyongo kwa hilo wala usijilaumu kwa utani wa mtandao kukata. Selimundu, yaani hiyo sikoseli, naijua, ukanda wetu huu wa Ziwa una wagonjwa wengi. Inakadiriwa kwamba nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Baridi, uchovu, kupungukiwa maji mwilini, vyote vinaweza kuamsha maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima analia. Sasa fikiria kijana anayekulia kisiwani akiwa na hali hiyo, wenzake wanaogelea, wanavuta nyavu, wanacheza mpira jua kali, na yeye kila mahali ni "huyu mgonjwa, mwacheni apumzike". Kwenu alikuwa Nahodha. Mlimgombeza akikosea, mkamtegemea aone adui kabla yenu, mkamwita usiku mkiwa na shida. Naelewa kabisa kwa nini hakutaka mahali hapo nako pajue habari za hospitali.

Swali lako ni la haki: je, una haki ya kwenda. Mama yako anapima ujamaa kwa kuonana, na hajakosea, maana ndivyo alivyolelewa na ndivyo mtaa unavyosimama. Mtu anayeijua sura yako anajua umekonda, anajua hujapika leo. Wewe hukuweza kujua hayo kuhusu Nahodha. Ila ulijua tabia yake inapobanwa, na hiyo majirani wengi wa miaka ishirini hawajuani. Alipobaki nawe hewani siku ya kuibiwa zile simu, hakuwa na faida yoyote ya kupata. Mechi hamkucheza, bando lilikuwa linakwenda, na yeye mwenyewe labda mifupa ilikuwa inamuuma. Mtu aliyekufanyia hivyo una deni kwake.

Mwambie mama pia kwamba jambo hili si geni Usukumani. Anawajua Bagika na Bagalu. Tangu karne ya kumi na tisa watu wa huku wamejigawa katika vyama hivyo viwili vya ngoma, wakishindana baada ya mavuno, kila upande uwanjani na wachezaji wake na dawa zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mpaka leo wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, pale Bujora, Kisesa, utawaona. Waliounganishwa humo hawakutoka tumbo moja wala kijiji kimoja. Waliunganishwa na mchezo na mashindano, wakatembea mbali kwa ajili yake. Kama babu angepata habari kwamba mwenzake wa ngoma wa upande wa Magu amefariki, nani angemuuliza amemjulia wapi? Angejibu "tulicheza naye", na watu wangemtafutia fimbo yake aende.

Sasa nikuambie na upande wa pili, kwa sababu sitaki uende Ukerewe ukiwa na hoja nusu. Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, aliyeeleza mwaka 1989 kwamba mtu anahitaji mahali pa tatu, pasipo nyumbani wala kazini, ambapo watu wanakuja kuzungumza tu na cheo cha mtu kinabaki mlangoni. Sisi tuna vijiwe, hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2006 watafiti wawili, Constance Steinkuehler na Dmitri Williams, wakaangalia magemu ya kuchezwa na wengi mtandaoni, wakaona kwamba kwa sehemu kubwa yanafanya kazi hiyo hiyo. Lakini waliona pia kwamba magemu hayo yana nguvu zaidi ya kukukutanisha na watu wengi na tofauti, watu ambao usingewapata mtaani kwako, kuliko kukupa ule ukaribu wa mtu wa kukubeba mgongoni. Kwa maneno mengine, gemu linakupa kufahamiana na wengi. Undugu haliwezi kukupa peke yake, huo watu wanaujenga wenyewe. Ninyi wanne mliujenga usiku ule mliokaa lobi bila kubonyeza kuanza. Wako wengi wanaocheza na watu mia kila usiku na hakuna hata mmoja ambaye angeona wamepotea. Nahodha alipotea, mkamwita kila siku mpaka kaka yake akashindwa kunyamaza.

Tuje kwa jirani. Hapa, mwanangu, mama yako yuko sahihi na nakuomba usibishane naye. Marehemu wa nyumba ya pili amekuona ukikua. Wewe ulikwenda ukakaa kidogo, ukarudi kwenye simu, na mjane wake alikuona ukitoka, amini usiamini. Anayekaa msibani hatoi pole ya mdomo tu, anabeba viti, anachota maji, anakesha nje na wanaume wenzake ili waliomo ndani walale kidogo. Hayo ndiyo aliyoyahesabu mama. Kwa hiyo kabla hujafunga begi la safari, nenda kwa yule mama mjane. Nenda mchana, peke yako, simu iache nyumbani. Mwambie, "Mama, siku ile sikukaa nanyi ipasavyo, nimekuja kukaa." Usimweleze habari za Nahodha, huo ni msiba wako na yeye ana wake. Muulize kama kuna redio, simu, taa au chochote kinachohitaji mkono wa fundi, ukitengeneze bila kutaja bei. Halafu mtafute mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wenu ujiandikishe kwa jina lako, usiendelee kuhesabiwa chini ya jina la mama. Una miaka 27 na una kazi.

Ukifanya hivyo kwa moyo, mama yako ataona jambo moja ambalo maneno yako hayawezi kumwonyesha: kwamba huendi Ukerewe kwa kuukimbia mtaa.

Kaka yako nimjibu kwa kifupi. Ni kweli Shirika la Afya Duniani limeingiza tatizo la kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa. Lilipitishwa mwaka 2019 na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini halikusema anayecheza kila usiku ni mgonjwa. Wanazungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, gemu limekaa mbele ya kila kitu maishani mwake, na anaendelea hata linapomharibia kazi, masomo au familia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 au zaidi. Wewe kibanda unafungua, wateja wako wanapata simu zao, unakula na mama kabla ya kuingia. Kulia kwa sababu rafiki amekufa hakumo kwenye orodha hiyo. Ila jiangalie kwa uaminifu katika hili la jirani, na kama kuna mengine ya aina hiyo ambayo hukuyaandika, unayajua mwenyewe.

Na utapeli? Tahadhari yake si ya kudharau, misiba ya uongo ipo na watu wamechangishwa. Lakini tapeli huanza na namba ya kutuma pesa, na huyu alianza na habari, tena mkiwa mmeshamaliza kuzikiwa mtu wenu. Mpigie simu ya kawaida mchana, ongea naye taratibu, muulize wamezika wapi na arobaini itafanyika kwa nani. Omba kuzungumza na mzee mmoja wa ukoo. Mfiwa wa kweli hachukii maswali hayo, anafarijika kwamba mtu anataka kufika. Mchango wenu msiutume kwa simu. Wa Kisumu akutumie wewe, wa Kigoma aje nao mkononi, mtie kwenye bahasha moja na kuandika juu yake majina yenu matatu halisi na mahali mnapotoka. Na msiutangaze mchango kwenye klani nzima, lile kundi lenu kubwa la wachezaji, mtaanza kukusanya fedha za watu msioweza kuwajibu.

Jambo ninalolitegemea kuliko yote ni hili. Ukishathibitisha, mwombe mama yako ampigie mama yake Nahodha. Usimwombe ruhusa ya kusafiri siku hiyo, mwombe tu akusaidie kutoa pole, kwa kuwa wewe ni kijana na hujui kuongea na mama aliyefiwa. Hilo nalo ni kweli. Mpe simu, toka nje, waache. Wanawake wawili waliozaa wana namna yao ya kuzungumza msiba, na mama yako akishaisikia sauti ya mwenzake akilia, swali la umemjulia wapi sidhani kama litarudi.

Kuhusu maji, hofu yake iheshimu. Kile kivuko cha Ukara kilikuwa cha kubeba watu 101 na siku ile kilikuwa na zaidi ya mia mbili. Watu wana haki ya kukumbuka. Mwambie kwa majina utakapopita. Meli ya Nansio kutoka bandari ya Mwanza ni safari ya saa tatu na ushei. Akiona hiyo ni ndefu mno kwake, piteni barabara ya Bunda mpaka Kisorya, mvuke kwa kivuko kwenda Rugezi, kipande hicho ni kifupi, halafu mpande gari hadi Nansio. Kwa vyovyote, mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, subirini kinachofuata hata kama mtachelewa ibada. Mpigie mama ukishuka.

Mkifika, msiingie moja kwa moja walikokaa wanaukoo. Kaka yake awapokee awatambulishe. Ukipewa nafasi ya kusema, taja jina lako, la baba yako na mnakotoka, kisha sema hivi: tulikuwa marafiki wa marehemu, tulicheza naye na kuzungumza naye kila usiku kwa simu, tangu wakati wa korona. Inatosha. Wazee hawahitaji kuelezwa parashuti na bunduki, na neno gemu ukilitaja usilionee haya. Lakini taja pia kwamba yeye alikuita Jiwe. Waliokuwa wanalala chumba cha pili wamelisikia jina hilo usiku miaka yote hii, na nakuhakikishia kuna mtu atainua kichwa.

Zile video chukua, ila usizicheze mbele za watu. Kuna mama anayeitamani sauti ya mwanawe kuliko chakula, na kuna mwingine ambaye ikimfikia ghafla atazimia. Wewe humjui huyu ni yupi. Mwambie kaka yake pembeni kwamba unazo, yeye aamue nani asikie na lini, hata kama ni baada ya mwaka. Kama wewe ni fundi, mnakilie kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, umkabidhi, zisipotee na simu. Chagua zile anazocheka. Zile mnazotukana wapinzani zibaki kwako.

Na mama yake akitaka kuongea, msimulie mambo madogo, moja moja: alivyokuelekeza mti wa pili, alivyokusaidia kupanga maneno kwa wateja, jinsi ambavyo ukianguka alikuja yeye. Usimwambie "hatukujua kama anaumwa" kwa sauti ya lawama. Mwambie hamkumwona hata siku moja kama mgonjwa. Wa Kigoma naye asimulie ya kwake, asikae kimya nyuma yako.

Nafasi ya nne. Mwambie wa Kisumu asubiri mpaka mtakaporudi kutoka arobaini, na umweleze kwa upole, maana naye analia kwa njia yake. Kuna watu wakifiwa wanapanga upya nyumba siku ya pili kwa sababu kuona kiti kitupu hawawezi. Baada ya hapo mpokeeni huyo mgeni vizuri. Hana kosa. Mwambieni mapema kwamba anakaa mahali palipokuwa na mtu, mumweleze habari zake kidogo, na msimfananishe naye kila akikosea. Jina la Nahodha msimpe, aje na lake. Kama hamtaweza kucheza watu wanne kwa muda, chezeni watatu, gemu linaruhusu.

Mkienda mkaombwa kulala, laleni. Beba shuka.